Kilio na Daawa: Historia ya Malalamiko Rasmi Tangu Intahe Hata Arusha

Mkazi wa Kinindo, mtaa ule wa kusini mwa Bujumbura uliokaa kandokando ya njia iendayo Rumonge, maji ya Ziwa Tanganyika yakiwa magharibi yake na miinuko ya Musaga mashariki yake, akiamka asubuhi akakuta mpaka wa kiwanja chake umesogezwa usiku, au akazuiliwa ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya, au akapigwa na mtu mwenye cheo, hana haja ya kushika rungu wala ya kumeza uchungu wake. Wako wazee wa usuluhishi katika mtaa wake. Yuko afisa wa upelelezi, ambaye watu wa mjini humwita kwa herufi tatu za Kifaransa, OPJ. Iko parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa Jamhuri. Iko sentare ya mwanzo, yaani mahakama ya ngazi ya chini, na juu yake sentare kuu. Yuko Umuhuza, mpatanishi wa raia na serikali. Na ikiwa dola yenyewe ndiyo iliyomkosea, iko mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha, katika nchi ya jirani, ambayo daftari lake liko wazi kwa mtu yeyote akaaye Burundi. Milango hii haikufunguliwa siku moja, wala hapana hata mmoja uliofunguliwa pasipo watu kuugonga kwa miaka mingi. Mwenye kutaka kujua maana ya lalamiko rasmi mbele ya sheria hataipata yote katika vitabu vya kanuni, kwa kuwa kanuni humwonyesha namna ya kuandika, lakini historia ndiyo imwambiayo maandishi yake yalipata wapi nguvu.

Kilio cha mdhulumiwa ni cha kale kuliko mahakama zote, ila kilio, kiwe cha haki kiasi gani, hakimlazimishi anayekisikia; apendaye atasimama, asiyependa atapita. Daawa ni jambo jingine. Daawa ni neno la mtu anayejulikana jina, juu ya tendo linalojulikana mahali na wakati wake, mbele ya mamlaka iliyopewa na sheria kazi ya kulisikiliza. Na mambo hayo matatu yakikutana huzaa la nne, ambalo ndilo roho ya shughuli nzima, nalo ni wajibu wa kujibu. Mamlaka iliyoipokea daawa yaweza kuikubali, yaweza kuikataa, yaweza kusema kwamba haiihusu na kuielekeza panapostahili, lakini haiwezi kunyamaza pasipo yenyewe kuingia katika kosa. Historia ya malalamiko nchini Burundi ni historia ya wajibu huo: ulipokuwapo, hata mnyonge alisimama akasikilizwa, na ulipotoweka, hata mwenye mashahidi kumi alirudi kuwa mliaji kama wengine.

Kabla ya bendera yoyote ya kigeni kupandishwa ukingoni mwa ziwa, Warundi walikuwa na watu walioitwa bashingantahe. Mushingantahe alikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, ambaye majirani walimchunguza kwa miaka ukweli wa ulimi wake na utulivu wa tabia yake, hata alipoonekana amekamilika akapewa intahe, fimbo ya heshima, katika karamu ya hadhara, akala kiapo mbele ya watu wa kilima kwamba atashika kweli ijapokuwa kweli hiyo yamuumiza yeye au jamaa zake. Mwenye daawa alifika kwa watu hao akamtaja mdaiwa na jambo lenyewe; siku ikapangwa; kila upande ukasema kwa zamu pasipo kukatizwa; mashahidi wakaitwa; na fimbo zikapigwa ardhini kwa mpigo wa taratibu huku maneno yakipimwa. Kisha wazee walijitenga na mkutano wakashauriana faraghani, desturi waliyoiita kwiherera, wakarudi na kauli moja ambayo wote waliibeba pamoja, asiwepo mmoja wa kulaumiwa na mwenye kushindwa.

Mdai wa siku zile hakuwa na karatasi wala muhuri, na hata hivyo daawa yake ilikuwa rasmi kwa kila maana inayotakiwa na sheria. Ilisemwa hadharani, hata asiweze kuikana kesho. Ilimtaja mtu, hata mtu huyo apate nafasi ya kujitetea. Nayo ilisemwa kwa watu waliokwisha kuapa, ambao wangekataa kuisikia wangevunja kiapo mbele ya kilima kizima. Asiyeridhika alipanda kutoka kilimani kwenda kwa mtware, yaani chifu, na kutoka kwa mtware hata baraza ya Mwami, yaani mfalme, ambako hukumu ilifikia kikomo chake.

Haifai lakini kuusifu utaratibu huo kupita kiasi chake. Mwanamke aghalabu alisemewa na mumewe au nduguye. Watwa hawakupewa intahe. Na pombe waliyopewa wazee kwa kuwashukuru, ile agahimbazamushingantahe, iliyoanza kuwa adabu ya baada ya hukumu, iliweza kugeuka kuwa sharti la kabla yake, hata masikini akahesabu kwanza mitungi ndipo ahesabu haki zake. Udhaifu wa namna hii haukuisha kwa kuja mahakama za karatasi; ulibadili mavazi tu, na hadi leo mwenye kupeleka daawa ana haki ya kuuliza kama kinachotakiwa kwake ni ada ya sheria au ni mtungi wa zamani uliopewa jina jipya.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, mahali palipokuja kuwa Bujumbura, na tarehe 6 Juni 1903, baada ya mapigano makali, Mwami Mwezi Gisabo alikubali masharti yao katika mkataba wa Kiganda na kutozwa faini ya ng'ombe 424. Pamoja na askari na wachukuzi na wachuuzi waliotoka Ujiji, Tabora na pwani, kilikuja Kiswahili, nacho kikawa lugha ya boma. Siku ya shauri afisa aliketi, mkalimani akasimama kando yake, na watu wakaleta maneno yao: mke aliyekimbia, deni lisilolipwa, mbuzi aliyeibiwa. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 ilikwisha kuweka taratibu za adhabu kwa wenyeji wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ikataka hukumu ziandikwe na viboko visizidi 25 kwa mkupuo mmoja, idadi ambayo Waswahili waliihifadhi katika msemo wa hamsa ishirini ambao wazee waliutaja kwa miaka mingi baada ya boma lenyewe kuhama mikono.

Katika shauri la boma mlikuwa na jambo lililofanana na haki na jambo lililoipinga. Lililofanana nayo ni kwamba mnyonge aliweza kumshtaki mkubwa wake wa kienyeji mbele ya mtu asiyemwogopa mkubwa huyo, na hukumu ikaandikwa katika kitabu. Lililoipinga ni kwamba afisa yule yule alikuwa mpokea daawa, mpelelezi, hakimu na msimamizi wa kiboko, na ikiwa mwenye kukosa ni afisa mwenyewe au askari wake, daawa ilirudi mikononi mwa aliyelalamikiwa. Hili ndilo fundisho la kwanza ambalo miaka ya boma iliwaachia watu wa Usumbura: pasipo kutengana anayelalamikiwa na anayesikiliza, daftari la mashauri huwa kumbukumbu ya nguvu za mwenye kuliandika.

Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, na Shirika la Mataifa likawakabidhi Ruanda-Urundi kwa dhamana. Sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ikaiunganisha kwa utawala na Kongo ya Kibelgiji. Mahakama za Wazungu zilifuata kanuni za Kizungu, na za wenyeji zikafuata desturi chini ya uangalizi wa maofisa, hata ilipotolewa amri ya tarehe 5 Oktoba 1943 iliyozipanga mahakama za wenyeji kwa ngazi, za watware, za wilaya na ya Mwami, zenye waandishi na madaftari. Bashingantahe hawakufutwa, bali walisogezwa pembeni. Ukumbi wao ukawa wa kusuluhisha, na nguvu ya kutekeleza ikahamia penye daftari. Mtu aliyekuwa akisimama kilimani akasema kwa ulimi wake alianza kujifunza kwamba asemacho hakijakuwa neno mpaka karani amekwisha kukiandika, na kwamba karani, ambaye desturi haikumpa heshima wala kiapo, ameshika ufunguo ambao zamani ulikuwa wa wazee.

Juu ya mahakama hizo ulikuwapo mlango mwingine, mrefu na mwembamba. Shirika la Mataifa lilikubali mwaka 1923 utaratibu wa kupokea malalamiko kutoka nchi za dhamana, lakini wakazi wa nchi hizo walitakiwa kuyapeleka kwa kupitia serikali ile ile iliyowatawala, nayo ikayaambatisha na maelezo yake kabla hayajafika Geneva. Mlalamikaji hakuitwa kusema. Watu waliokaa katika tume ya dhamana ya Shirika hilo walikuwa wasomi na wazoefu wa utawala, na baadhi yao waliuliza maswali magumu. Hata hivyo mtu wa Usumbura aliyetaka kumlalamikia mtawala wake alipaswa kwanza kumkabidhi mtawala huyo barua mkononi, na si wengi wenye moyo wa namna hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Hati ya Umoja wa Mataifa iliyotiwa saini tarehe 26 Juni 1945. Kifungu chake cha 87 kililipa Baraza la Udhamini mamlaka ya kupokea malalamiko na kuyachunguza kwa kushauriana na serikali inayotawala, na ya kupeleka ujumbe wa ukaguzi katika nchi zenyewe. Na mkataba wa udhamini wa Ruanda-Urundi ulipoidhinishwa Desemba 1946, Mrundi na Mswahili wa mtaa wa Buyenzi, Mnyarwanda na Mhindi mwenye duka, wote walipata haki ya kuandika moja kwa moja kwa Umoja wa Mataifa pasipo barua kupita mezani kwa gavana. Mwaka 1948 ujumbe wa kwanza ulioongozwa na Henri Laurentie wa Ufaransa ulizuru Ruanda-Urundi na Tanganyika, na baada yake zikafuata nyingine kila miaka mitatu. Maofisa wa ukaguzi waliweza kupokea barua mkono kwa mkono, na mjumbe wa Ubelgiji akalazimika kusimama mbele ya Baraza na kujibu, jambo kwa jambo, kwa nini hili limefanyika na lile halijafanyika. Adhabu ya kiboko, iliyokuwa imedumu tangu enzi za boma, ilikuwa miongoni mwa mambo ambayo Baraza liliyarudia tena na tena kuhimiza yaondolewe.

Kesi iliyoonyesha kwa uwazi kuliko nyingine uwezo na mipaka ya lalamiko la namna hiyo ilitoka upande wa pili wa ziwa, Tanganyika. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakuchukua silaha. Walikusanya fedha, wakamteua Kirilo Japhet, wakamtafuta wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, akieleza tarehe, majina, nyumba zilizochomwa na mifugo iliyopotea. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ilipitisha azimio la kuwapendelea. Katika mkutano wa Baraza Kuu wenyewe azimio hilo lilikosa theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudi wakati ule. Kwa hesabu ya hukumu Wameru walishindwa. Lakini dola kubwa ilikuwa imeitwa mbele ya ulimwengu na mkulima, na imejibu. Na miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Julius Nyerere aliposema kwa niaba ya chama cha TANU katika Baraza lile lile, njia ilikwisha kukanyagwa. Katika Burundi mlango huo huo ulikuwa mmoja wa milango iliyoleta uangalizi wa Umoja wa Mataifa katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, ambao chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda, wiki chache kabla ya yeye kuuawa tarehe 13 Oktoba.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na siku hiyo hiyo, kwa sababu zilizo dhahiri, haki ya kuandikia Baraza la Udhamini ilikoma. Ilitarajiwa kwamba nchi iliyo huru itakuwa na masikio yake yenyewe. Badala yake ikaja miaka ya maafa, na mwaka 1972 watu wengi mno waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakavuka mipaka kwenda Tanzania na nchi nyingine, wakiacha nyumba, mashamba na viwanja vilivyokaliwa na wengine, mara nyingi kwa idhini ya serikali yenyewe. Hapa historia yatuonyesha kwa uchungu ule upungufu ambao hakuna maandishi yawezayo kuuziba. Mwenye shamba alikuwapo, hai, kambini. Jina lake lilijulikana. Mipaka ya shamba lake majirani waliikumbuka. Aliyelikalia alionekana kila siku akilima. Kilichokosekana ni mamlaka yenye wajibu wa kumsikiliza, na kwa kukosekana kitu hicho kimoja, daawa iliyokamilika katika mambo mengine yote ililala miaka zaidi ya 30 kama kilio tu, ikirithishwa kutoka kwa baba hata kwa mwana.

Mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 uliweka ahadi ya kurudishiwa mali, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ambayo Warundi huijua kwa herufi zake za Kifaransa, CNTB. Waliorejea walimiminika kwenye ofisi zake, na makumi ya maelfu ya malalamiko yakaandikwa. Katika miaka ya mwanzo tume ilipendelea kuwapatanisha wahusika wagawane. Tangu 2011, chini ya uenyekiti wa Padri Sérapion Bambonanire, ikaelekea kumrudishia aliyekimbia mali yake yote. Na aliyeondolewa, ambaye pengine alinunua kwa nia njema kutoka kwa aliyenunua kwa mwingine, naye akawa na daawa yake. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya kuhukumu rufani za mambo hayo. Wako waliotoka katika ofisi hizo wameridhika na wako waliotoka wameumia, wala mwandishi wa historia hana mamlaka ya kuwahukumu mmoja mmoja. Lakini hapana shaka kwamba mkulima aliyekaa kambini miaka 30 akinung'unika, siku alipopewa nambari ya daftari kwa jina lake na siku ya kuitwa pamoja na mpinzani wake, alikuwa amepata kitu ambacho hakuwa nacho tangu 1972, hata kabla ya kujua kama atashinda.

Mji nao ulikuwa ukipangwa upya. Kinindo, iliyokuwa komini ya peke yake, iliingizwa mwaka 2014 pamoja na Musaga na Kanyosha katika komini mpya ya Muha, wakati komini 13 za Bujumbura zilipofanywa tatu. Kwa mkazi wake njia za daawa siku hizi zimegawanyika kwa tabia ya jambo lenyewe. Ugomvi wa majirani huanzia kwa wazee wa mtaa, maana sheria ya tarehe 23 Januari 2021 ilirudisha baraza la wasuluhishi wa kilima na la mtaa, na maandishi ya shauri lao huandamana na daawa iendapo sentare ya mwanzo. Hivi ndivyo kivuli cha intahe kilivyorudi kwa mlango wa sheria, ijapokuwa wazee wa sasa huchaguliwa kwa kura na hawavikwi heshima ile kwa miaka ya kuchunguzwa.

Lakini jambo likiwa la jinai, kama wizi au kupigwa, mtu huenda kwa OPJ au kwa parke yenyewe. Hapo anaweza kusema kwa mdomo au kuleta barua. Akisema kwa mdomo, afisa huandika maneno yake katika hati ambayo kila mtu wa Bujumbura huiita PV, humsomea, naye hutia saini au alama ya kidole. Na ni juu yake kuhakikisha kwamba alichosomewa ndicho alichosema, kwa kuwa tangu saa ile hati ndiyo itakayosema badala yake. Jalada hufunguliwa na kupewa nambari, mashahidi huitwa, mshtakiwa huhojiwa, na mwendesha mashtaka huamua moja ya mawili, kuipeleka kesi mahakamani au kuiweka kando kwa kukosa sababu ya kuiendeleza. Akiiweka kando, mlango haujafungwa: mdhulumiwa aweza mwenyewe kumwita mshtakiwa mbele ya hakimu, na aweza kudai fidia ndani ya kesi ya jinai pasipo kuanzisha nyingine. Ni vema ijulikane pia kwamba sheria inayomlinda mlalamikaji inamlinda na mlalamikiwa. Mwenye kumzulia mwenzake kosa mbele ya mamlaka huku akijua kwamba anasema uongo ametenda jinai, na huenda yeye akaishia mahali alipotaka kumpeleka mwingine.

Kwa makosa ya maofisi, ambako hakuna mwizi wala mpigaji bali barua isiyojibiwa na haki isiyotolewa, katiba ya 2005 iliweka Umuhuza, na mwaka 2010 Bunge likamchagua Mohamed Rukara kuwa wa kwanza kukalia kiti hicho. Umuhuza hatoi hukumu. Hupokea, huchunguza, hupatanisha na hushauri. Wako waonao kwamba mamlaka isiyohukumu ni mamlaka isiyofaa, lakini bashingantahe nao nguvu zao zilikuwa katika kusikiliza na kunena hadharani kuliko katika kulazimisha.

Inabaki dhulma ya dola yenyewe, na kwa hiyo Warundi wamebisha hodi nje ya mipaka yao. Burundi iliridhia mkataba wa kupinga mateso mwaka 1993, ambao kifungu chake cha 13 chasema wazi kwamba aliyeteswa ana haki ya kulalamika na lalamiko lake kuchunguzwa upesi na bila upendeleo. Na mwaka 2003 ikakubali kamati ya mkataba huo ipokee malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Katika Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu, wakili kutoka shirika la Avocats Sans Frontières alifungua daawa kwa ajili ya Gaëtan Bwampamye, aliyehukumiwa kifo mwaka 1997 huku kesi ikiendelea pasipo wakili wake, na mwaka 2000 Kamisheni ikasema kwamba haki yake ya kutetewa imevunjwa. Chama kimoja kilizilalamikia hata nchi jirani za Burundi kwa vikwazo vya biashara vilivyowekwa Julai 1996 baada ya mapinduzi. Kamisheni ilijibu mwaka 2003 kwamba nchi hizo hazikukosa, na waliolalamika wakashindwa kwa hoja zilizoandikwa, ambazo yeyote aweza kuzisoma na kuzipima.

Mlango wa Arusha ulifunguka Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Kifungu cha 30 cha mkataba wa Jumuiya kinampa mtu yeyote akaaye katika nchi mwanachama haki ya kuishtaki nchi yake mwenyewe kwa kuvunja mkataba, wala hakimtaki amalize kwanza mahakama zote za nyumbani. Ila kinampa miezi miwili tu, na wengi wameipoteza haki yao kwa kusubiri. Tarehe 4 Juni 2013 ilitolewa nchini sheria mpya ya habari iliyokataza kutangazwa kwa mambo mengi, yakiwamo yanayohusu thamani ya fedha na sifa ya dola, na iliyowalazimisha waandishi kutaja watu waliowapa habari. Umoja wa waandishi wa habari wa Burundi haukuishia kupiga kelele redioni. Ulipeleka daawa Arusha, ikapewa nambari 7 ya mwaka 2013, na Mwanasheria Mkuu wa Burundi akapeleka wakili wa kujibu.

Miaka miwili ikapita. Tarehe 13 Mei 2015 palitokea jaribio la mapinduzi Bujumbura, na siku iliyofuata vituo vya redio vya watu binafsi, miongoni mwao RPA, Bonesha na Isanganiro, vilishambuliwa na kuharibiwa, waandishi wakajificha au wakavuka mpaka. Tarehe 15 Mei, siku moja baada ya mashambulizi hayo, majaji walisoma hukumu Arusha: sehemu za kifungu cha 19 na kifungu cha 20 vya sheria ile vinapingana na misingi ya demokrasia na utawala bora ambayo Burundi ilijifunga nayo kwa hiari yake. Wengi waliofungua daawa hawakuwa na studio ya kuitangazia hukumu hiyo. Mtu mwepesi wa kukata tamaa atasema kwamba hukumu iliyofika wakati mitambo imekwisha kuungua haina maana. Mimi nasema kinyume chake, na nasema kwa yakini: waliochoma mitambo hawakutakiwa kutoa sababu, lakini dola iliyotunga sheria ilitakiwa kutoa, ikazitoa, zikapimwa, zikaonekana pungufu, na upungufu huo umeandikwa mahali ambapo mwandishi wa kesho, hakimu wa kesho na mbunge wa kesho watausoma na kuutumia.

Basi mkazi wa Kinindo na asiende kwa mamlaka yoyote kama mtu aombaye hisani. Na ataje jina lake, tendo, siku na mahali. Na apunguze matusi, kwa kuwa tusi humpa mpokeaji kisingizio cha kujibu tusi na kuliacha jambo. Na afahamu ni mlango upi unaohusika kabla muda wake haujapita. Na asiondoke pasipo nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe yake, maana muhuri ule ndio shahidi wa siku ambayo wajibu wa kujibu ulianza. Nao wakaao upande wa pili wa meza, makarani, maofisa na mahakimu, wafahamu kwamba kila jalada lililoachwa pasipo jibu humfundisha mwenye jalada kwamba njia ya sheria haifiki popote, na nchi hii imekwisha kuona njia nyingine zinakofika. Kupokea daawa ya mnyonge, kuiandika kama alivyoisema, na kumjibu kwa wakati, ijapokuwa jibu ni la kumwambia kwamba hana haki katika jambo hili, ndiyo kazi ya kwanza ya dola, na dola iitimizayo haihitaji kuogopa malalamiko, kwa sababu raia anayelalamika kwa maandishi bado anaamini kwamba kuna mtu mwenye wajibu wa kumsoma.